Komoro kwa siku saba: anza na Mwali, Ngazija iwe ya mwisho

Mkuu, hiyo ratiba ibadilishe kabla hujalipa. Upande kwanza volkano ya Karthala kisiwani Ngazija, kisha kisiwa cha Mwali kuona kasa, halafu asubuhi ya siku ya saba urudi Ngazija na boti na mchana uwahi ndege uwanja wa Hahaya? Tena Februari? Ndege itakuacha.

Boti za Mwali ni faiba za wavuvi. Zinatoka Chindini, kusini kabisa mwa Ngazija, zinavuka takribani kilomita 40 za bahari wazi hadi Hoani, Mwali. Zinaondoka abiria wakijaa na bahari ikikubali, basi. Februari ni kashkazi, upepo wa kaskazini: mvua kubwa, na vimbunga viko msimuni. Hoani inatazama kaskazini, kwa hiyo mawimbi yanaingia moja kwa moja pale pale mnapopandia. Usidhani kusi, upepo wa kusini, ndiyo dawa, maana hapo shida inahamia Chindini inayotazama kusini, na Julai na Agosti bahari ya katikati huchafuka vibaya. Hata Aprili si ya kuamini. Kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija Aprili 2019, msimu ukiwa unaishia. Na ukishavuka salama, bado Hahaya iko mbali, kaskazini ya Moroni.

Wanaoniudhi ni mawakala wanaouza "visiwa viwili kwa wiki" wakijua haya yote. Boti ikikwama wanakwambia ni kazi ya Mungu, na tiketi mpya unanunua mwenyewe.

Fanya hivi: siku unayotua lala Moroni, kesho yake vuka. Rudi Ngazija siku ya tano, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya ndege. Karthala iweke siku ya sita. Boti ikikuchelewesha, unachokosa ni mlima, sio ndege. Ukiupata, anza kabla ya alfajiri, maana mawingu hufunika mapema na kilele kiko mita 2,361. Beba lita 4 au 5 za maji kila mtu; mawe ya volkano yananyonya mvua yote, Ngazija haina mto wa kudumu, na njiani hupati pa kujaza chupa.

Huko Mwali, lala siku mbili kijiji cha Itsamia. Kasa hupanda usiku, maji yakijaa, kwa hiyo waulize wenyeji saa ya maji kujaa na uende na mwongozaji wa kijijini. Tochi zima. Mwanga ukimkuta bado anapanda mchanga, anageuka na kurudi baharini bila kutaga. Msogelee kwa nyuma, akishaanza kutaga.

Beba euro taslimu, moja ni karibu faranga 492. Kadi huko Mwali isahau.

Jioni ya kuamkia kuvuka, hali ya bahari iulize kwa watu wa Hoani na Chindini wenyewe, sio Moroni. Na kama boti haina jaketi okozi la kila abiria, subiri nyingine. Ukiwa na zile siku mbili mkononi, unaweza kusubiri.