Mwanangu, onja divai yako na ngege mezani

Nakuru

Mwanangu mpendwa,

Swali lako la Jumapili halijanitoka. Ulisema mwenye mkahawa hapo Kisumu amekuachia kazi ya kuchagua divai za kuanzia, aina nne, kila chupa isizidi shilingi 1,500. Ukaniuliza utaitambuaje iliyo nzuri ilhali kwetu nyumbani hukuwahi kuiona mezani. Mimi nimehudumia wageni hotelini miaka mingi, nami nilijifunza kwa kuonja tu. Hata wewe utaweza.

Kabla ya jina lolote, nataka ufikirie joto. Watu husema divai nyekundu inywewe ikiwa na joto la chumba, lakini chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba chako mchana kinakaribia 30. Kwa joto hilo pua inapokea kileo kitupu, na tunda hulisikii. Nyekundu itie kwenye friji nusu saa kabla ya kuifungua. Nyeupe ikae humo tangu asubuhi. Na stoo, mwanangu! Hoteli moja niliyofanyia kazi iliweka katoni zote kando ya jiko. Divai ikageuka, ikawa na ladha ya matunda yaliyochemshwa, na wageni wakalaumu nchi ilikotoka. Nilisema, sikusikilizwa. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu divai ile ilifika ikiwa nzuri.

Kuhusu bei, ushuru wetu hauangalii ladha. Chupa ya bei ya chini kabisa, sehemu kubwa ya pesa yako imelipia ushuru, kioo na usafiri. Ukipanda kidogo, kutoka 900 hadi 1,300, sehemu kubwa zaidi ya nyongeza hiyo inaingia kwenye divai yenyewe. Tafuta hapo. Usitafute majina makubwa ya Ufaransa kwa bei hiyo, kwani utakuwa umenunua lebo.

Nyeupe yako iwe Chenin Blanc ya Afrika Kusini. Sisiti hata kidogo. Ndiyo zabibu iliyopandwa kwa wingi kuliko zote kule. Zamani waliiita Steen, na nyingi iliishia kuwa brandi, kwa hiyo mashamba yapo mengi na bei haijapaa. Ina uchachu safi unaofanya kazi ya ndimu juu ya samaki. Nunua mbili za watengenezaji tofauti, zifunge kwa gazeti usione lebo, kisha uzionje na ngege wa kukaangwa, ugali na sukuma, vile wateja wako watakavyokula. Divai inayopendeza ikiwa peke yake huweza kupotea kabisa mbele ya mafuta ya samaki. Tikisa glasi, nusa, chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, kisha uteme, la sivyo chupa ya tatu haitakuambia kitu. Andika kwa maneno yako: mapera, pasheni, ukwaju. Usiazime maneno ya matunda ambayo hujawahi kuyala.

Nyekundu ya nyama choma iwe Pinotage. Hiyo ni zabibu iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925, Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut. Angalia ukakasi wake, ule unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Ukiwa kiasi, mafuta ya mbuzi yanaulainisha. Ukinusa mpira ulioungua, irudishe dukani.

Ya tatu iwe nyekundu tamu, ya baridi sana. Wateja wengi wataiomba, na usiwaoneshe uso wa dharau. Utamu unatuliza pilipili vizuri kuliko divai kavu, ile isiyo na utamu.

Yenye mapovu, iache. Kwa 1,500 mara nyingi utapata iliyopuliziwa gesi tu, na ile iliyochachuka mara ya pili ndani ya chupa inazidi bajeti yako. Mwambie mwenye mkahawa hivyo waziwazi. Badala yake chukua ya waridi, inayotokana na zabibu nyekundu ambazo maganda yake huondolewa mapema. Itafaa samaki na nyama pia. Ukiweza kuongeza ya tano, ulizia Leleshwa ya Naivasha. Ningefurahi kujua divai ya kaunti yetu inamiminwa Kisumu.

Kwa wanaonunua kwa glasi, usidharau boksi la lita 3. Ni chupa nne, na mfuko wa ndani hujikunja hewa isiingie, kwa hiyo inakaa wiki kadhaa. Chupa iliyofunguliwa, hata kwenye friji, usiiuze baada ya siku tatu. Kifuniko cha kuzungusha hakina ubaya wowote. Ni kizibo cha gome ndicho huleta ile harufu ya katoni iliyolowa. Na stempu ya ushuru ya KRA iangalie kwenye kila chupa kabla hujalipa.

Ukija Pasaka niletee hiyo Chenin utakayoichagua. Ifunge kwa leso na uipakate njia nzima, usikubali makanga aitupe kwenye buti.

Mama yako