Mwanga, Mawimbi na Kiini cha Atomi: Tafuta Kwanza Kisichobadilika

Kwa muda ambao nimekuwa nikiwasaidia wanaoanza kusoma fizikia, nimeona kwamba sura za mawimbi, mwanga na kiini cha atomi husomwa kana kwamba ni masomo matatu yasiyojuana, kila moja na rundo lake la fomula za kukariri. Ushauri ninaoutoa kwa kila anayenijia ni huu: kabla ya kugusa fomula yoyote, andika pembeni mwa swali ni kitu gani kinabadilika na ni kitu gani kinabaki vilevile.

Chukua mwanga wa njano wa taa ya sodiamu, ambao urefu wa wimbi lake hewani ni nanomita 589, ukaingia majini. Wengi hukimbilia kubadilisha kila kitu kwa pamoja. Lakini masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, huamuliwa na chanzo cha wimbi, na kila wimbi linalofika mpakani halina budi kuendelea upande wa pili, kwa kuwa mpaka hauweki akiba ya mawimbi. Ni sawa na watu walio katika msafara kutoka ardhi ngumu kuingia matopeni: mwendo wao hupungua na nafasi kati yao hubana, ila idadi ya wanaovuka mpaka kila dakika haibadiliki. Kasi ya mwanga hushuka kutoka takriban kilomita 300,000 kwa sekunde hadi 225,000 hivi, kwa hiyo urefu wa wimbi nao hupungua kwa uwiano uleule, kutoka nanomita 589 hadi karibu 442. Baada ya hapo mpe mwanafunzi sauti badala ya mwanga. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde hewani na karibu 1,480 majini, hivyo wimbi lake hurefuka zaidi ya mara nne, na likiingia majini kwa mshazari hupinda kuelekea upande ulio kinyume na ule wa mwanga. Anayeweza kueleza tofauti hiyo bila kufungua daftari ameielewa sura nzima.

Kuhusu michoro nitasema machache tu: chora mwenyewe, kwa rula, na pembe zipimwe kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso wa maji au kioo, si kutoka kwenye uso wenyewe.

Mahali panapostahili muda mwingi zaidi ni pale mwanga unapogonga metali na kung'oa elektroni, jambo ambalo Heinrich Hertz alikutana nalo mwaka 1887 na Albert Einstein akalitolea maelezo mwaka 1905. Hapa kuna vitu viwili ambavyo mazoea hutufanya tuvichanganye. Mng'ao wa mwanga wa rangi moja hueleza ni fotoni ngapi, yaani vifurushi vya nishati ya mwanga, zinafika kwa sekunde. Masafa hueleza kila fotoni imebeba nishati kiasi gani. Kwa hesabu za haraka, mimi hukariri namba moja tu, 1,240: igawanye kwa urefu wa wimbi katika nanomita, nawe utapata nishati ya fotoni katika elektronivolti, kizio kidogo cha nishati kinachofaa kwa atomi. Mwanga mwekundu wa nanomita 700 unatoa elektronivolti 1.77, ilhali zinki inahitaji karibu 4.3 ili iachie elektroni. Ukiongeza taa nyekundu za kawaida hata mia moja, unaongeza idadi ya fotoni dhaifu, na hakuna hata moja kati yake inayofikia kiwango. Miale hafifu ya urujuanimno, yenye wimbi fupi kuliko nanomita 288 hivi, inafanikiwa mara moja.

Tukiingia kwenye kiini cha atomi, swali ni lilelile. Urani-238 ikitoa chembe ya alfa, yenye protoni mbili na nyutroni mbili, huwa thori-234: jumlisha 234 na 4, kisha protoni 90 na 2, na hesabu irudi kwenye 238 na 92. Isiporudi, usiendelee. Katika nusumaisha, yaani muda ambao nusu ya viini huvunjika, kisichobadilika ni uwezekano wa kila kiini kuvunjika katika muda fulani, ndiyo maana iodini-131, ambayo nusumaisha yake ni siku 8 hivi, haimaliziki baada ya siku 16. Inabaki robo, na baada ya siku 24 inabaki sehemu moja ya nane. Andika jedwali hilo kwa mkono kabla ya kuomba msaada wa logi (logarithimu).

Mwisho ni masi inayopungua chembe zinapoungana kuwa kiini, na hapa tahadhari yangu ni ya kikokotozi. Protoni mbili na nyutroni mbili zikiwa mbalimbali zina jumla ya vizio 4.0319 vya masi ya atomi, lakini kiini cha heli kina 4.0015. Tofauti ya 0.0304, ikizidishwa kwa 931.5, yaani megaelektronivolti zilizomo katika kizio kimoja cha masi, inatoa takriban megaelektronivolti 28.3 zinazokishikilia kiini hicho pamoja. Ukikadiria kila chembe hadi desimali mbili mwanzoni, yaani 1.01 kwa protoni, 1.01 kwa nyutroni na 4.00 kwa kiini cha heli, tofauti inakuwa 0.04 na jibu linaruka hadi zaidi ya 37, kosa la karibu theluthi nzima. Beba desimali zote hadi mstari wa mwisho, kisha ndipo ukadirie.