Maswali Yenu: Nadharia Anafaulu, Vitendo Anafeli

SWALI: Namfundisha masomo ya ziada mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa uhudumu wa dharura wa ambulensi. Karatasi ya nadharia anaimudu, lakini vitendo amefeli tena. Nibadilishe nini?

JIBU: Punguza kusoma, azoee kutenda huku akisema kwa sauti. Mtahini hutoa alama kwa anachokiona na kukisikia. Aliyekagua usalama wa eneo kimoyomoyo hapati kitu. Kila zoezi aanze vilevile: glavu, usalama wa eneo, idadi ya majeruhi. Kisha damu inayotoka kwa kasi, njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu. Wengi huangukia hapo: wanauona mguu uliovunjika, wanaukimbilia, kumbe mgonjwa hapumui vizuri.

Kwa ufufuaji wa moyo tumia mdoli wa mazoezi na saa. Mtu mzima ni migandamizo 30 ya kifua kwa pumzi 2, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina kisipungue sentimita 5 wala kuzidi 6. Mtoto akiwa na waokoaji wawili ni 15 kwa 2, na namba hizi ndizo zinazochanganywa sana. Mtazame mikono: akichoka huanza kuegemea, kifua hakinyanyuki chote, na moyo haujai damu. Waokoaji wapokezane kila dakika 2, na kila kusitisha migandamizo kusifike sekunde 10.

Halafu mpe mazoezi asiyoyajua, ukae kimya kabisa. Walimu wengi (pengine nawe) hudokeza kwa macho bila kukusudia.