Maswali ya wiki: Noah ya Fuoni, tairi kipara za Pemba na teksi za Uingereza

Safari hii maswali karibu yote yamekuja ya teksi na daladala na gari kukaguliwa, labda ndo wageni washaanza kumiminika Zanzibar na kila mwenye gari anataka kuiingiza kazini. Marefu nimeyakata, majina sikuyaweka.

Assalaam alaykum ami. Nina Noah yangu, nimeinunua kwa jasho langu mwenyewe, nataka niwe nachukua wageni uwanja wa ndege nawapeleka Nungwi na Paje. Watu wananambia mpaka nibadilishe usajili, sijui vibali, sijui nini. Kwani si gari yangu? (Kijana wa Fuoni)

Waalaykum salaam mwanangu. Gari yako ndio, hakuna anaekunyang'anya, lakini siku unayompakia mtu kwa pesa ishakuwa gari ya biashara, na cha kukuogopesha hapo kwanza si trafiki, ni bima. Bima uliyokata ya gari ya nyumbani imeandikwa matumizi yake, binafsi, soma ile karatasi yako vizuri. Sasa ukigonga pale Mahonda na mgeni wako ndani kavunjika mguu, watu wa bima suali lao la mwanzo ni alikuwa analipa au halipi, na mgeni hana sababu ya kukufichia, atasema nimelipa dola kadhaa, hapo wanakukimbia na deni la hospitali linakurudia wewe na hio Noah yako.

Kwa hio anzia Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, mambo ya usajili wa biashara na ukaguzi yapo kwao, ukitoka hapo nenda kwa bima uwaambie wazi kuwa ni gari ya kukodisha usiseme ya familia ili ulipe kidogo, halafu baraza lako la manispaa kwa mambo ya kituo na maegesho. Na ukianza kuwauzia wageni ziara, Jozani, mashamba ya viungo, hapo ushaingia kwenye mambo ya Kamisheni ya Utalii, usije ukafikiri kibali cha teksi kinatosha. Pale uwanjani kuna madereva wana kituo chao na utaratibu wao wa miaka, ukienda kujichomeka tu utayaona mwenyewe. Zungumza nao kwanza.

Halafu usimpe dalali pesa akusaidie, tafadhali.

Mie napanda daladala ya 606 kila siku kutoka Wete kwenda Chake kazini. Kuna gari tairi zishakuwa kipara kabisa na breki zinalia mpaka watu tunatizamana, tukisema konda anajibu gari imekaguliwa juzi tu. Ilipitaje? (Dada wa Wete)

Dada yangu, inawezekana kabisa ilipita kweli, maana ukaguzi unasema gari ilikuwaje siku ile na saa ile, basi. Haukwambii kitu kuhusu wiki ijayo. Na tusidanganyane, wapo wanaoazima tairi kwa rafiki, wanafunga asubuhi wanapeleka gari kukaguliwa, jioni wanarudisha tairi za watu, hilo kila fundi anaejua gereji atakwambia akiwa hana haja ya kujificha.

Lakini mie simlaumu dereva peke yake. Angalia pesa inavyotembea, gari ina tajiri, tajiri anataka hesabu yake kila jioni, mvua inyeshe abiria wawepo wasiwepo, mafuta ya dereva, konda alipwe na dereva, kinachobaki ndo chake. Sasa breki zikianza kulia nani anatoa pesa? Dereva akizinunua yeye keshafanya kazi bure siku hio, akimwambia tajiri anaambiwa sukuma sukuma kidogo mwisho wa mwezi tutaangalia. Ukaguzi ukiwa ni wa nadra na hesabu ni kila siku, hesabu ndo inayoshinda. Mie ningekuwa na uwezo suali la kwanza ningemuuliza tajiri kwanza, risiti ya breki ya mwisho iko wapi, kabla hata sijafungua boneti.

Sasa wewe abiria, vya kuangalia. Tairi ina tarehe yake, ubavuni kuna namba nne ndani ya kijiduara kirefu, kwa mfano 2316, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016, kwa hio hata ikiwa ina meno mazuri mpira umeshakauka, ukiona nyufa ubavuni usiipande. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijivimbe vidogo, tairi ikilika mpaka ikawa sawasawa na vile vijivimbe imekwisha, ndo alama iliyowekwa na kiwanda, inakuwa imebaki milimita 1.6 tu. Breki zinazolia wiii peke yake zinaweza kuwa vumbi, zinazokwaruza chuma kwa chuma hizo padi zimekwisha. Na njia za Pemba mnazijua wenyewe, mlima unapanda unashuka kona juu ya kona, dereva anashuka amekanyaga breki moja kwa moja zinapata moto, na mafuta ya breki yakiwa ya zamani yana maji ndani yake maana yanavuta unyevu wa hewa, yakichemka mguu unazama mpaka chini na gari haisimami. Anaeshuka kwa gia ya chini huyo anajua kazi, hata gari yake ikiwa mbovu kidogo mie ningepanda kwake kabla ya yule wa gari mpya anaeshuka na frii, gia kaitoa.

Mkiwa watano mkakataa kupanda konda atapiga kelele mpaka achoke, lakini gari ya mbele ikijaa na yake ikaondoka tupu, hio tajiri ataisikia. Chukueni namba ya gari na saa, mpeni trafiki.

Salaam kutoka Uingereza. Mie naendesha teksi huku, baraza la mji wetu linanitaka nipeleke gari kukaguliwa mara tatu kwa mwaka wakati gari ya jirani yangu ni mara moja tu. Huu si uonevu kwa sababu sisi wageni? (Mtu wa Michenzani yuko mbali)

Hapana sheikh, hapo hawakukuonea. Gari ya kawaida huko inaanza ukaguzi wao wa MOT ikifika miaka 3, halafu kila mwaka, ya teksi inaanza ikifika mwaka 1. Juu ya hapo kuna sheria yao ya serikali za mitaa ya 1976 inayolipatia baraza haki ya kuitaka gari ya teksi ikaguliwe, lakini isizidi mara 3 katika miezi 12. Kwa hio 3 ndo mwisho, wakikutaka ya 4 hapo una la kusema. Jirani yako anaendesha kwenda dukani na kurudi, wewe uko barabarani usiku na mchana na roho za watu, mie naona ni sawa kabisa na natamani na huku iwe hivyo.

Mambo mengine mawili kwenye sheria hiyohiyo madereva wetu wengi huko wanayasahau. Ukigongwa au ukagonga, gari ikaharibika kiasi cha kugusa usalama au sura yake au starehe ya abiria, unatakiwa uliarifu baraza ndani ya saa 72, hata kama mmeelewana wenyewe pembeni. Na ofisa wao au polisi anaweza kukusimamisha akasimamisha leseni ya gari papo hapo mpaka itengenezwe, na ukikaa miezi 2 hujamridhisha leseni inahesabika imefutwa. Usiiache gari nyuma ya nyumba ukasema nitaiangalia mwezi wa mfungo ukipita. Ukikataliwa leseni unakata rufaa mahakamani na una siku 21, zihesabu tangu siku uliyopewa barua.

Kwa nini teksi zetu hazina mita za kuhesabu nauli kama za wenzetu? (Msomaji wa Malindi)

Kwa sababu hakuna aliezilazimisha zikashika. Patana bei kabla hujafungua mlango, na sema kabisa ni kwa gari zima au kwa kila mtu, na mizigo imo au haimo. Uingereza kwenyewe baraza linapanga bei ya juu kwa teksi za kusimamishwa barabarani tu, zile za kupiga simu kampuni inajipangia, kwa hio na wao wanapatana.

Mwanangu wa kike anasoma London, anarudi usiku kutoka kazini. Gari gani apande na gani asipande? (Mama wa Mwanakwerekwe)

Bi mkubwa, zipo aina mbili. Zile teksi nyeusi anaruhusiwa kuzipungia mkono barabarani, madereva wake wanafanya mtihani wa kukariri mitaa ya mji ulioanza tangu 1865 na wengine unawachukua miaka. Za aina ya pili ni zile za kuagiza kwa simu au programu, hizo mpaka ziagizwe kwanza. Gari ikisimama mbele yake dereva akasema ingia dada nikupeleke, asiingie, hata ikiwa ina stika ya leseni, maana safari isiyoagizwa haina bima na haipo kwenye kumbukumbu ya mtu yeyote. Alinganishe namba ya gari na ile iliyokuja kwenye simu, na amuache dereva amtaje jina yeye kwanza, asimuulize "wewe ndo umekuja kumchukua fulani?" maana kila mtu atasema ndio mie.

Kaka yangu ananitumia gari kutoka Uingereza niitie kwenye teksi Chake. Anasema nzuri sana. Nitajuaje? (Kijana wa Chake Chake)

Muombe namba ya gari, namba tu. Serikali yao imeweka historia ya MOT kwenye intaneti bure, tangu 2005, unaandika namba ya usajili unaona kila ukaguzi, ilipita au ilianguka na kwa nini, na kilomita, wao wanaandika maili, zilizokuwepo siku ile. Mwaka jana maili laki na ishirini mwaka huu elfu themanini, hapo mita ya maili imerudishwa nyuma. Soma na yale maonyo madogo ya gari zilizopita, khasa ya kutu chini, maana kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi na huku inakuja kukutana na hewa ya bahari, bomba za breki na chesisi ndo vinavyoliwa mwanzo. Kaka yako hana ubaya lakini na yeye kaambiwa na muuzaji. Picha za juu zinazong'aa usizitake, mwambie alale chini apige picha za chini, na amuulize muuzaji funguo ni mbili au moja.