Afande, nyota zako zinaishia getini

Afande, umeuliza kama kapteni wa deraya aliyefukuzwa na mahakama ya kijeshi anaweza kuja Ufaransa, akaingia kikosi cha wapanda farasi cha Legion ya Kigeni, lile jeshi la Ufaransa linalochukua wageni, akarudishiwa cheo na kupewa uraia juu. Unasema kuna wakala anayepanga hayo. Huyo ni mwizi, na kama umeshampa hela, sahau.

Legion haina wakala. Haitoi barua ya mwaliko, haitoi viza, na kujiunga ni bure. Unakuja mwenyewe hadi geti la Fort de Nogent karibu na Paris, au Aubagne karibu na Marseille, ukiwa na pasipoti hai na umri usiozidi miaka 39 na nusu. Viza ya Schengen, ya kuingilia Ulaya, unaitafuta kwa jasho lako, euro 90, na wakikunyima hela hairudi. Wengi wetu huishia hapo kabla hata ya kugusa chuma cha mazoezi. Vijana walioahidiwa kazi nzuri Urusi, wakajikuta mstari wa mbele Ukraine, nao walianzia kwa wakala mwenye maneno matamu.

Sasa cheo. Kikosi unachokitamani, 1er REC, kiko Carpiagne, na farasi walishakwisha zamani, siku hizi ni magari ya deraya. Hayo unayajua. Lakini huji kama kapteni. Maafisa wa Legion wengi mno hutoka jeshi la kawaida la Ufaransa. Wanaopanda kutoka chini ni wachache. Wewe utaanza kuruta, mkataba wa miaka 5, na koplo aliyekuwa muuza duka kwao atakukagua kama umepiga pasi mikunjo ya shati sawasawa. Utafagia, utaosha vyombo, utaimba kwa Kifaransa usichokielewa. Si jambo jipya: kikosi hichohicho kilipoundwa Tunisia mwaka 1921 kilijaa Warusi wa jeshi la Jenerali Wrangel lililoshindwa na Wabolsheviki, na waliokuwa maafisa wakawa askari wa kawaida. Kama utakuwa ukisema “kwetu nilikuwa naongoza watu”, baki nyumbani.

Kama kweli huna pengine pa kwenda, basi njoo umejiandaa. Wanaotakiwa ni wavumilivu, na wewe jeshi unalijua. Kuvuta mwili kwenye chuma, kima cha chini ni mara 4; ukija na 4 unapoteza nauli, lenga 12. Mbio za mita 20 za kwenda na kurudi kwa mlio, fika hatua ya 10 ingawa wanaanzia 7. Kamba panda kwa mikono mitupu. Meno yatibiwe huko nyumbani, maana ukaguzi wa daktari huangusha watu wenye misuli kama mawe. Kuhusu kesi yako, waambie ukweli. Watakuhoji zaidi ya mara moja na majina hupitishwa Interpol. Mauaji na dawa za kulevya hazina msamaha, lakini makosa mengine huangaliwa. Uongo ukibainika, safari imekwisha.

Kinachouma zaidi ni hela ya nyumbani, na hakuna anayekiuliza. Ukipokelewa, simu na pasipoti vinachukuliwa na kutunzwa. Unaweza kuandikishwa kwa jina jingine, na ukiwa na jina hilo huwezi kuoa, kupanga nyumba wala kufungua akaunti kivyako bila ruhusa. Kutuma hela kunahitaji kitambulisho chenye jina ambalo mama yako hata halijui. Tangu 2010 inawezekana kuingia kwa jina lako halisi. Kama huna cha kuficha, liombe hilo. Mafunzo ya kuruta kule Castelnaudary, kusini mwa Ufaransa, ni miezi 4, mwezi wa kwanza porini kwenye shamba, na simu ni kwa kubahatisha. Kwa hiyo acha karo ya mihula miwili imelipwa, na mkeo awe na karatasi ya wakili ya kushughulikia shamba na benki. Mwambie kimya cha miezi kadhaa si kuachwa. Halafu usimwahidi kiasi chochote cha hela, kwa sababu mshahara wa kuruta si ule unaosimuliwa vijiweni.

Uraia unaweza kuomba baada ya miaka 3 ya utumishi mzuri. Kuomba, sijasema kupewa.

Kwenye begi weka: nguo za ndani chache, viatu vya mbio, kandambili, sabuni, euro 50. Tiketi iwe ya kwenda na kurudi, inayobadilika tarehe. Wanaokataliwa Aubagne ni wengi kuliko wanaobaki, na siku za viza zinaendelea kuhesabika ukiwa umekaa kwenye benchi unasubiri jina lako kuitwa.