Jibu: Basi la mashabiki na mtoto mdogo

Mkuu, umeuliza kama ni salama kwenda na mwanao wa miaka 10 Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, kwa basi la mashabiki kutoka Mtwara. Uwanjani sina wasiwasi, kazi iko njiani. Safari yangu ya mwisho tulisimama Mingoyo, pale njia ya Masasi inapoachana na ya Lindi. Vijana wetu kama watano wakajichotea korosho kwenye sinia la mama mmoja, wakapanda garini bila kulipa, wanacheka! Tukachangishana, konda akampelekea hela mbio. Baada ya hapo ni chupa kuzunguka na matusi ya nguoni mpaka Nanganga. Panda basi la kawaida. Jezi avae mkishafika.