Bunduki ya upepo, nyepesi ipi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nataka bunduki ya upepo ya kulenga shabaha za karatasi tu, mita 10 hivi, kujiburudisha. Mikono yangu haina nguvu sana, na muuzaji kaning'ang'aniza nichukue yenye spidi kuliko zote. Nimsikilize?

JIBU: Salama ndugu yangu. Achana naye huyo, kwa mita 10 spidi ya mita 150 kwa sekunde inatosha kabisa, hata kwenye Olimpiki wanapiga umbali huohuo kwa risasi ndogo za milimita 4.5 na hakuna anayelilia spidi. Tena zile kali springi yake ni ngumu, kuukunja mtutu chini ili kukaza springi (ndiyo kukokoti) kila ukijaza utachoka mapema, halafu inaruka mkononi balaa. Tafuta ya springi laini, bunduki nzima iwe na uzito wa kilo 2.5 hivi, na dukani ikokoti mwenyewe mara kadhaa kabla hujatoa hela, ila usifyatue tupu, yaani bila risasi ndani, maana pistoni inajigonga na kuharibika.

Za mitungi midogo ya gesi nazo hazina kazi ya kukokoti, ila kwenye baridi presha inashuka na mitungi yenyewe inaisha haraka.

Risasi nunua zenye kichwa bapa, zinatoboa karatasi tundu safi la duara, alama unazihesabu bila ubishi. Gololi za chuma hapana, zinadunda zikakurudia usoni! Miwani ya kukinga macho vaa vyovyote vile, na sheria ya kumiliki ulizia kwanza.